Sungura mchanga na jeni moja ya kingamwili

Mwanafunzi wa Mifugo:
Habari zenu. Tumefundishwa kwamba seli B, yaani seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, huunda mnyororo mzito wa kingamwili (ule mkubwa kati ya minyororo miwili ya protini inayoijenga) kwa kuunganisha vipande vya jeni vya aina tatu, yaani V, D na J, na kwamba wingi wa miunganiko hiyo ndio unaouwezesha mwili kutambua vimelea vya kila namna. Sasa nasoma kwamba sungura, ingawa ana jeni za V zaidi ya 100, hutumia moja tu, VH1, katika asilimia 80 hadi 90 ya seli zake B. Je, sungura mchanga hujikinga vipi kwa mtaji mdogo hivyo, na jeni nyingine zina kazi gani?

Mzee wa Maabara:
Ndugu, hizo nyingine ni ghala la vipuri. Baada ya kuzaliwa, seli B changa huhamia kwenye tishu za kinga za utumbo, hasa kidole tumbo, ambacho kwa sungura ni kiungo kikubwa, si kile kijipande ambacho sisi binadamu hukatwa hospitalini. Huko, kati ya wiki ya 4 na ya 8 hivi, VH1 iliyokwisha kuunganishwa huandikwa upya kwa vipande vifupi vinavyonakiliwa kutoka kwa jeni za V jirani, na juu ya hapo hupata mabadiliko ya herufi mojamoja za DNA. Kuku hufanya karibu vivyo hivyo ndani ya bursa ya Fabricius, kifuko cha kinga kilicho karibu na tundu lake la haja, naye ana V moja tu inayofanya kazi katika mnyororo mzito. Sababu ya VH1 kupendelewa ni kwamba ndiyo iliyo karibu zaidi na vipande vya D kwenye kromosomu.

Seli B:
Nakubaliana na Mzee, isipokuwa hapo mwisho, kwa kuwa ukaribu pekee hautoshi. Panya wa maabara akiwa mchanga naye hupendelea jeni zilizo karibu na D, hasa VH81X, lakini akikomaa upendeleo huo hufifia, ilhali kwa sungura VH1 hubaki juu maisha yote. Mchujo wa seli, yaani baadhi kuendelea kuishi na kuongezeka kuliko nyingine, una nafasi yake. Tazama sungura waitwao Alicia, walioelezwa mwaka 1986, ambao VH1 yao imefutika: wakiwa wachanga hutumia jeni nyingine, lakini kadiri wanavyokua, seli zenye VH4 iliyorekebishwa ikafanana na VH1 ndizo zinazoongezeka. Tena uandishi huo wa upya hauendi bila bakteria wa utumbo. Katika majaribio, Bacteroides fragilis na Bacillus subtilis wakiwa pamoja waliuamsha.

Mwanafunzi wa Mifugo:
Nashukuru. Basi kabla ya wiki ya 4, kitoto kinalindwa na nani?

Mzee wa Maabara:
Na mama yake. Kingamwili za mama sungura humfikia mtoto kabla hajazaliwa, kupitia utando wa kifuko cha kiini cha yai (yolk sac). Usiichukulie hali hiyo kuwa ya mifugo yote, maana kondo la nguruwe na la ng'ombe halipitishi kingamwili, na ndiyo sababu tunahimiza ndama anyonye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, mapema, ndani ya saa chache za mwanzo, kabla utumbo wake haujafunga mlango kwa kingamwili hizo.