Uzamili wa upigaji picha: Marekani miaka 2, London mwaka 1, au Cape Town?

Mwambao_35
Wakuu, nalinganisha njia tatu: MFA (uzamili wa sanaa) ya Yale au RISD (chuo cha sanaa cha Rhode Island), MA ya Royal College of Art (RCA) ya London, na MFA ya Michaelis, shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Shahada ya kwanza ni ya miaka mitatu, ya Dar. Ada ya mfukoni hakuna, lazima apatikane mfadhili. Ipi inalipa?

ChumbaChaGiza
Tafuta mfadhili kwanza mkuu, shule itamfuata. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, na MA ya RCA ni ya mwaka mmoja, kwa hiyo hapo vinakutana. Dirisha la maombi huwa linafunguka Agosti. Wanataka saa 2,800 za kazi baada ya kuhitimu (za muda na za kujitolea zinahesabika), unachagua kozi tatu, na ukimaliza unarudi nyumbani miaka miwili. Kosa la wengi ni kupata ufadhili huku udahili wa chuo umechelewa. Hivyo viwili viombwe sambamba.

Ukijilipia, au ukilipiwa na mjomba, kwa viza ya Uingereza fedha za kujikimu za miezi 9 zikae kwenye akaunti yako siku 28 mfululizo. Salio likishuka hata siku moja, hesabu inaanza upya. Na kipimo cha kifua kikuu kwa waombaji wa Tanzania na Kenya kifanyike kliniki iliyoidhinishwa, si hospitali yoyote.

Binti_Lenzi
Hiyo miaka mitatu ndiyo mtego. Afrika Kusini uzamili unataka honours (mwaka wa ziada baada ya shahada ya miaka mitatu) au shahada ya miaka minne. Ya Dar inaweza kurudishwa ngazi moja, usome mwaka wa katikati kwanza. Waliosoma Kenya miaka minne hawaguswi sana. Baadhi ya vyuo vya Marekani navyo vina swali hilohilo. Andikia ofisi ya udahili ukiwa umeambatanisha transkripti, kabla ya kulipa ada ya maombi, kwa maana hairudi.

Michaelis yenyewe ni kwa mtu anayejua anachokitafuta: unaingia na pendekezo la mradi, unatoka na maonyesho pamoja na andiko. Anayetaka kufundishwa darasani kila siku atapwaya.

FundiSkana
Mnazungumzia fedha, jopo la udahili linaanza na picha. Potifolio inayoanguka haraka naijua kwa sura: bibi harusi mmoja, simba mmoja, mzee mwenye makunyanzi, machweo ya Forodhani. Kila picha nzuri, ila zote pamoja hazina mtu nyuma yake. Peleka mradi mmoja, ukizidi miwili. Chapa picha 60 za sentimita 10×15, zitandaze sakafuni, toa moja moja mpaka ibaki idadi waliyoomba. Mbili zikisema jambo lilelile, dhaifu inatoka hata kama ndiyo iliyokutesa kuipata.

Kisha faili. Ukituma za Adobe RGB (mfumo wa rangi wa kamera na uchapaji), kwenye baadhi ya vivinjari bahari inapauka na ngozi inakuwa ya majivu. Badili ziwe sRGB (mfumo wa rangi wa mtandaoni), JPEG, upande mrefu pikseli 2000, chini ya MB 5 maana fomu nyingi za mtandaoni hugoma hapo. Nembo ya studio pembeni ondoa kabisa!

Mwambao_35
Nimekupata. Je, MA ya mwaka mmoja na MFA ya miaka miwili zina uzito mmoja?

Nyali_Foto
Ukitaka kufundisha chuo Amerika Kaskazini, hapana. Kule MFA ndiyo shahada ya mwisho ya fani. Na mwaka wa kwanza ni wa kubomolewa: vikao vya kuhakiki kazi, picha ukutani, walimu na wenzako wanaichambua. Mwaka wa pili ndio unajenga. London unabomolewa na kujenga kwa pumzi moja, kwa hiyo nenda na mradi uliokwisha kuanza.

Mbona Toronto hamuitaji? Zanele Muholi, mpiga picha wa Afrika Kusini, alipitia Market Photo Workshop ya Johannesburg, iliyoanzishwa na mpiga picha David Goldblatt mwaka 1989, akachukua MFA ya filamu na picha za matukio halisi huko Toronto mwaka 2009. Warsha ile haitoi uzamili, lakini potifolio nyingi zimeivia pale.

Marekani: fomu ya I-20, inayotolewa na chuo kwa ajili ya viza, inataka uthibitisho wa fedha za mwaka wa kwanza, halafu ada ya SEVIS (usajili wa wanafunzi wa kigeni) dola 350, halafu viza. Soma masharti ya nchi yako kabla ya hayo yote. Juni 2025 Burundi iliwekewa zuio la viza za wanafunzi.

ChumbaChaGiza
Na barua tatu za mapendekezo: mfumo huwatumia walimu kiungo, kinaishia kwenye barua taka. Wapigie simu siku hiyohiyo.

Mwambao_35
Basi natanguliza RCA na Chevening, Toronto akiba. FundiSkana, kwenye orodha ya picha za potifolio, vipimo niandike inchi au sentimita?

FundiSkana
Sentimita. Na ambayo hujawahi kuichapa usiipe vipimo, kwenye usaili watakuuliza ilionekanaje ukutani.