Uuguzi: chuo cha binafsi Malindi au KMTC, jina la chuo lina uzito kweli?

Kijana wa Barani
Wakuu, salamu kwenu. Naomba ushauri, akili imesimama. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha nne, ana C ya wastani, anataka uuguzi. Chuo kimoja cha binafsi hapa Malindi kimempa nafasi, masomo yanaanza mwezi ujao. Watu wananitisha kwamba asipopitia KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, atakaa nyumbani na cheti chake. Je, mwajiri huangalia jina la chuo au hayo ni maneno ya barazani? Nijibuni ndiyo au la, mama anasubiri.

Mpishi wa Casuarina
Yategemea kazi. Kwenye hoteli za huku mpishi mkuu anakupa kisu na samaki mzima. Ukimaliza kumpasua, keshajua wewe ni nani, na cheti atakisoma baadaye kama atakisoma. Mapokezi nako Kitaliano kinapita diploma. Msomeshe lugha.

Nahodha Mkomani
Bahari ndiyo haina habari na majina. Wanataka kitabu cha baharia na vyeti vya STCW, yaani mafunzo ya kimataifa ya mabaharia: kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza, usalama wa mtu kazini. Chuo kiwe kimeidhinishwa na Mamlaka ya Bahari, basi. Wengi hukwama pengine: vyeti wanavyo, muda wa kukaa melini hawana, na bila muda huo cheo hakipandi. Huyo binti haogopi maji?

Muuguzi_Muyeye
Nahodha, ameuliza uuguzi. Ndugu, jina la chuo si hoja kubwa. Hoja ni leseni ya Baraza la Wauguzi. Mwanafunzi akishaingia, chuo humwombea indeksi Baraza, yaani namba ya kumtambua kama mwanafunzi wa uuguzi, na hapo vyeti vyake vya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, hukaguliwa. Bila indeksi hafanyi mtihani wa Baraza, bila mtihani hasajiliwi, bila usajili hakuna leseni. Bodi ya kaunti ikitangaza kazi huomba cheti cha usajili na leseni hai, awe ametoka KMTC au chuo cha misheni.
Kwa hiyo nijibu matatu. Chuo kimo kwenye orodha ya Baraza, tena kwa kozi ya KRCHN yenyewe, diploma ya uuguzi wa afya ya jamii? Baiolojia alipata nini? Na mmeshalipa?

Kijana wa Barani
Ahsante. Leseni wanayo, ya TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, nimeiona kwa macho yangu imetiwa fremu ofisini. Gredi ziko sawa. Mimi nauliza jina tu.

Muuguzi_Muyeye
TVETA ni kuendesha chuo. Uuguzi una Baraza lake, na chuo kinaweza kuwa halali kabisa kwa kompyuta na ushonaji kisiwe na idhini ya kufundisha hata muuguzi mmoja. Na “ziko sawa” si gredi.

Msomi wa Shela
Tusiache swali la jina. Mwaka 2002 Stacy Dale na Alan Krueger wa Marekani walilinganisha watu waliokubaliwa na vyuo vya kugombaniwa: waliokwenda huko, na waliochagua vyuo vya kawaida. Mapato yao baadaye hayakupishana sana. Waliofaidika na chuo cha jina ni wale wa familia za kipato cha chini.

Mpishi wa Casuarina
Na hao Wamarekani Baiolojia walipata ngapi?

Kijana wa Barani
Haya. Baiolojia ana D+. Lakini wastani ni C! Angekuwa hajui kitu angepata C? Chuo kimesema hilo watalishughulikia. Elfu thelathini tumeshalipa, na sare iko kwa fundi. Isitoshe diploma yao ni miaka miwili, ataanza kazi mapema kuliko wa KMTC. Msinivunje moyo.

Karani wa Langoni
Yakhe, hapa nimeshtuka. Diploma ya uuguzi ya miaka miwili kwa mtoto aliyetoka shule haipo. KRCHN ni miaka mitatu. Iliyo fupi ni ya kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti walio na leseni tayari. Na mtu apate C na Baiolojia D+? Uzi huu umetungwa, tupigizane kelele na mtu apate wasomaji.

Nahodha Mkomani
Au ni tangazo. Subirini, ataleta namba ya simu.

Mwalimu Ngomeni
La C na D+ lisikushangaze, Karani. Tangu KCSE ya 2023 wastani huhesabiwa kwa masomo saba: Hisabati, lugha moja, na matano yaliyofanya vizuri zaidi. Mtoto mwenye IRE (dini ya Kiislamu), Biashara na Jiografia nzuri anaweza kupata C na Baiolojia isihesabiwe kabisa. Wazazi wanaona C wanashangilia, hawafungui masomo.

Kijana wa Barani
Karani, wewe ndiwe mtunzi. Nanakili karatasi yao kama ilivyo: “Diploma ya Uuguzi, miezi 24, C na kuendelea, masomo yote yanakubaliwa.” Kutunga nifaidike na nini?

Karani wa Langoni
Kama karatasi ndiyo hiyo, basi mtunzi ni chuo.

Muuguzi_Muyeye
Itunze hiyo karatasi. KRCHN hutaka wastani wa C, Baiolojia C, Kiingereza au Kiswahili C, na C- katika Hisabati, Kemia au Fizikia. Hata uuguzi wa cheti hutaka Baiolojia C-. Hakuna wa “kulishughulikia” pale chuoni, maana mkaguzi ni Baraza. Akikwama kwenye indeksi, ada imekwenda na miaka imekwenda, na atabaki na karatasi ambayo hakuna zahanati itakayoikubali.

Mwalimu Ngomeni
Anaweza kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, ila akisajili Baiolojia peke yake hapati wastani mpya. Aulize Baraza kwanza, kwa maandishi, kama watapokea vyeti viwili. Akichoka na shule, C yake inamfungulia diploma nyingi za ufundi, ambazo kwa kawaida huanzia C-, na nyingi haziulizi Baiolojia.

Kijana wa Barani
Na elfu thelathini?

Karani wa Langoni
Andika barua ya kujiondoa kabla masomo hayajaanza. Taja tarehe na kiasi, ambatisha risiti, ujumbe wa M-Pesa na hiyo karatasi ya miezi 24, wagonge muhuri kwenye nakala yako. Wakikataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi milioni moja.

Kijana wa Barani
Nimewapigia, nikaomba wanithibitishie kwa barua kwamba D+ inakubaliwa. Wamesema barua hawaandiki, nije tuzungumze ana kwa ana. Kesho nitakuwa kwa mhasibu.

Karani wa Langoni
Risiti halisi usiitoe mkononi. Mpe nakala.