GTK imenichosha! Daftari la dagaa lile lile, naliandika mara ya tatu

Wakuu salama? Natanguliza samahani kwa ukali, sijalala. Kwa wasioijua, GTK ni laibrari, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, inayokupa madirisha, vitufe na majedwali ukitaka programu yako ya Linux iwe na sura ya kubofya. Anayeijua vizuri anajua kwa nini nina hasira.

2012 nilimwandikia mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla hapa Kibirizi, Kigoma, programu ya madeni: nani kachukua kilo ngapi, kalipa ngapi, kabakiza ngapi. Nilitumia lugha ya Python na GTK 2, maana ndiyo niliyoifahamu. Jedwali moja, vitufe vitano, na kidirisha cha kuuliza "Una uhakika?". Hesabu zake hazijabadilika hata siku moja. Kilo ni kilo, deni ni deni.

Nilipopandisha Debian, Linux ninayotumia, kwenda toleo la 11, nikakuta PyGTK, kiungo cha Python na GTK 2, haimo tena. Nikahamia GTK 3, nikameza, kwa kuwa toleo hilo lilikuwepo tangu 2011 na uzembe ulikuwa wangu. Baadaye nikasoma kwamba GTK 4 ilipotoka Desemba 2020, GTK 2 ndiyo ikaagwa rasmi. Nikasema safari hii sisubiri kufukuzwa, nahama mwenyewe mapema. Hapo kwenye GTK 4 ndipo nilipojichongea.

Amri ya show_all haipo. pack_start haipo, sasa ni append. MenuBar na Toolbar, pau za menyu na vitufe, zimeng'olewa. Sawa, hizo ni za jioni moja. Jedwali ndilo lililonitoa jasho. TreeView, jedwali la zamani, bado inafanya kazi, ila tangu 4.10 ya mwaka 2023 imewekwa kwenye foleni ya kuachwa, unaambiwa utumie jedwali jipya, ColumnView. Kwenye ColumnView kila kolamu inataka "kiwanda" chake: kina ishara ya setup ya kuunda lebo, kina ishara ya bind ya kuijaza, na data yote uigeuze kwanza kuwa vitu vya GObject, umbo la data ambalo GTK inalielewa. Jedwali la dagaa sasa lina viwanda vingi kuliko mji wetu. Mtaniambia ColumnView inabeba mistari laki bila kutetereka. Ni kweli. Mama ana wateja sitini.

Sasa sikilizeni ya kidirisha. Zamani ulikuwa unaandika dialog.run(), programu inasimama palepale mpaka mtu ajibu, ndipo inaendelea. GTK 4 wameiondoa run(). Kidirisha kinatokea, na msimbo unasonga mbele, kama mgeni anayepiga hodi na kuingia bila kungoja karibu. Mimi kwa haraka nikaweka present() ili tu dirisha lionekane, mstari wa kufuta deni nikauacha chini yake, nikipanga kurudi. Sikurudi. Mama kateleza kidole, kabofya Futa kwenye jina la mteja wa Kasulu, kaulizwa "Una uhakika?", kabofya Hapana. Deni lilishaondoka kabla hajagusa kitufe. Akanipigia: "Mwanangu, hii kompyuta yako naiambia hapana, yenyewe inasikia ndiyo."

Kilichoniokoa ni daftari la karatasi. Hajawahi kuliamini dude langu tangu siku ya kwanza, na mara hii nilishukuru.

Najua, kosa ni langu, sikusoma mwongozo wa kuhama mpaka mwisho. Lakini msimbo ule ulikuwa unafanya kazi! Sikuugusa kwa sababu una bagi, niliugusa kwa sababu sakafu imehamishwa.

Kuna na mashine. Mama anatumia kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 2. GTK 4 inapenda kuchora kupitia kadi ya picha, na kadi ile ni ya kale, kwa hiyo dirisha likawa linafunguka kwa kujivuta kama treni inayokaribia mwisho wa reli. Nimeweka GSK_RENDERER=cairo ili ichore bila kadi hiyo, afadhali. Atakayeandika "mnunulie mashine mpya" aambatanishe na hela.

Tena kinachoniudhi zaidi ni wapi haraka yao inakoelekea. Picha ndogo za kuchungulia kwenye dirisha la kuchagua faili watu waliziomba tangu 2004, zikaja na 4.10 mwaka 2023. Miaka 19! Na GTK yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya GIMP, programu ya kuhariri picha; Peter Mattis aliiandika akiwa Chuo Kikuu cha Berkeley alipochoshwa na Motif, laibrari ya madirisha ya wakati ule. Hiyo GIMP, mtoto wa nyumbani, imehamia GTK 3 Machi 2025, na GTK 4 ilikuwa ishatoka zaidi ya miaka minne. Kama wenye nyumba wamechelewa hivyo, mimi wa Kibirizi ninayeandika usiku umeme ukirudi nitafukuzana nao vipi?

Msinijibu "hamia Qt", laibrari nyingine ya madirisha, hiyo ni kuandika mara ya nne. Ninachotaka ni mtu aliyewahi kuhamisha TreeView yenye rangi kwa kila mstari kwenda ColumnView anioneshe bind yake, maana wadaiwa sugu wa mama walikuwa wekundu na sasa wote weupe. Nilianza kazi hii siku za mbalamwezi, wavuvi wa taa wakiwa wamepumzika na mzigo hakuna. Zimebaki siku tatu giza lirudi.