Divai nyekundu ya bio inakaza ulimi: imeharibika ao ni hivyo?

MamaMichopo (commune ya Kenya, Lubumbashi)
Jamani, mnisaidie. Mdogo wangu anayeishi Lyon, Ufaransa, alituletea chupa mbili za divai: Coudoulet de Beaucastel, nyekundu, 2022. Alituapia kwamba ni bio, yaani zabibu zimelimwa bila dawa za viwandani, na shamba lenyewe ni la zamani sana. Jumapili nikafungua moja. Harufu nzuri, konfitiri ya matunda kabisa, na pilipili manga kidogo. Kunywa sasa! Ukakasi mtupu, ulimi ulikauka kama nimetafuna pera bichi, halafu koo likawaka. Mume wangu akasema imechacha, ndiyo mambo ya bio, hawatii dawa. Chupa zilikuwa juu ya friji tangu mwezi wa tisa. Imebaki moja, na tarehe 20 mwezi huu wakwe wanakuja. Niifungue ao niifiche?

Yaya_Kampemba
Mama, divai iliyochacha inanuka siki. Yako ni changa tu. Nilivuna zabibu bonde la Rhône misimu miwili, nisikilize. Ukakasi ule ni tanini, inatoka kwenye maganda na mbegu, na Coudoulet wanachanganya zabibu za aina ya Grenache na Mourvèdre nyingi. Mourvèdre ina ganda nene, haina haraka ya kulainika.

Mdogo wako hakudanganya. Shamba la Beaucastel liko Courthézon, bonde hilo hilo la Rhône. Pierre de Beaucastel alinunua ghala na ardhi pale Coudoulet mwaka 1549. Familia ya leo wanayo tangu 1909, na kilimo cha bio walikianza 1950, wakati wengi ndio kwanza walikuwa wanazikimbilia dawa za viwandani. Upande mmoja wa barabara kuu ya A7 ni mizabibu ya divai ya Châteauneuf-du-Pape, bei yake usiulize. Ukivuka, ni Coudoulet. Mawe ni yale yale ya mviringo, yanashika joto la mchana mpaka usiku (na yanaua mgongo wa mvunaji, hilo hawaandiki kwenye chupa).

Koo kuwaka, hiyo ni friji. JUU ya friji, Lubumbashi, mwezi wa kumi! Divai ikipata joto, pombe inatangulia mbele. Iweke NDANI ipoe, digrii 16 ao 17 zinatosha. Imimine kwenye jagi saa moja kabla ya wageni. Na usiwape kavukavu: tanini inatafuta protini, ikikosa nyama inashika mate yako. Mbuzi wako mwenye mafuta ndiye dawa.

Fundi_wa_Katuba
Na shemeji umwambie bio si kwamba hakuna kitu. Ulaya wanaruhusu salfiti, dawa ya kuhifadhi divai, hadi miligramu 100 kwa lita kwenye divai nyekundu ya bio. Ya kawaida ni 150. Ukungu wanaupiga kwa shaba. Shaba! Sisi tunaichimba, wao wananyunyizia mizabibu.

Kijana_Kamalondo
Bia mbili za Simba, za baridi, kesi imekwisha.

MamaMichopo
Asante yaya. Jana umeme ulikatika saa kumi, friji ikalala. Nikatia chupa kwenye ndoo ya maji ya kisima, nikaizungushia kitambaa kilicholowa, na jagi nikalifunika sahani sababu ya nzi. Ukakasi bado upo, ila umekaa nyuma. Konfitiri ndiyo inatangulia. Baba mkwe alimaliza gilasi, akaniuliza kama kuna nyingine. Mume wangu alimimina Fanta ndani ya yake. Nilimwangalia tu.