Naomba ushauri: kuhamisha mfumo ulio kazini kwenda wingu jingine

Ndugu wanajamii, habari za kazi. Hapa Moshi tunaendesha mfumo ambao vyama vya msingi vya kahawa huutumia kusajili uzito wa kahawa ya wakulima na kuwalipa kwa simu. Seva ziko Frankfurt, na wenye mfumo wameamua zihamie kituo cha AWS (huduma ya wingu ya Amazon) cha Cape Town, kilichofunguliwa mwaka 2020, ili data ibaki Afrika (binafsi sitarajii bei ipungue).

Hifadhidata ni PostgreSQL. Kwenye mazingira ya majaribio tumenakili mabadiliko mfululizo kutoka seva ya zamani kwenda mpya, na safu za majedwali zinafika salama, isipokuwa vihesabio vya namba za risiti, ambavyo havinakiliwi kwa njia hiyo na inabidi kuvisogeza mbele kwa mkono kabla ya kuruhusu risiti mpya. TTL ya DNS (muda ambao vifaa hukumbuka anwani ya seva kabla ya kuiuliza upya) tumeishusha hadi sekunde 60, lakini baadhi ya simu za makarani wa mizani bado zinashikilia anwani ya zamani. Isitoshe, kampuni ya simu hutuma taarifa za malipo kwenye anwani ya IP iliyosajiliwa tu, na kuibadilisha ni mchakato mrefu.

Naomba kuuliza: je, ni salama kuiacha seva ya zamani iwe mpitishaji tu wa maombi na taarifa za malipo hadi usajili ukamilike? Na mambo yakiharibika baada ya kuhama, mnarudije nyuma bila kupoteza risiti zilizokwisha kuandikwa upande mpya?