Viambata vya asili dhidi ya saratani: kipi kina ushahidi, na kinaandaliwaje jikoni?

Kijiko cha Mbao

Habari zenu wakuu. Naandaa somo la lishe kwa kikundi cha akina mama, na mada waliyoichagua wenyewe ni vyakula vya kujikinga na saratani. Maswali yao ni haya, nayaleta kama yalivyo:

Manjano na pilipili manga, kiasi gani kwa siku, na je, vidonge vya manjano vinavyouzwa madukani ni bora kuliko unga wa jikoni? Sukuma wiki na kabichi, ni kweli ukishakata unatakiwa usubiri kabla ya kupika? Chai ya majani ya mstafeli, inakinga au haikingi? Na la mwisho, je, kumeza vitamini kunaweza kuchukua nafasi ya mboga?

Naomba majibu yenye vipimo. "Kula mboga kwa wingi" wameshaisikia hadi wameichoka.

Sufuria na Mfuniko

Mkuu, nianze na sukuma maana hapo ndipo mapishi yenyewe yanaamua kama utapata kitu au utapata nyuzinyuzi tu.

Sukuma, kabichi, chainizi, loshuu na brokoli ni ukoo mmoja. Mchicha na matembele hayamo humo, ingawa ni mboga nzuri kwa sababu nyingine. Majani ya ukoo huu yana glukosinoleti, ambazo zenyewe hazifanyi kazi tunayoitaka. Ndani ya jani hilohilo, kwenye vyumba tofauti, kuna kimeng'enya kiitwacho mairosinezi. Ukikata au kutafuna, vyumba vinavunjika, viwili hivyo vinakutana, na hapo ndipo zinazaliwa isothiosayaneti: ile harufu kali ya kabichi mbichi inayopanda puani. Hizo ndizo zinazoamsha vimeng'enya vya mwili vinavyosaidia kutoa sumu. Kwenye brokoli ile inayojulikana zaidi ni salforafeni. Kwenye kabichi na sukuma nyingi zinatoka kwa sinigrini, glukosinoleti ya aina nyingine, kwa hiyo msiwaambie akina mama kwamba sukuma ni brokoli ya bei nafuu. Ni ndugu, si pacha.

Moto unaua mairosinezi. Ukitupa majani mazima kwenye maji yanayochemka, kimeng'enya kinakufa kabla ya kufanya kazi, na sehemu kubwa ya glukosinoleti inayeyuka kwenye maji ambayo mpishi ataenda kuyamwaga. Bakteria wa utumbo mpana wanaweza kuvunja kiasi kilichobaki, ila kidogo, na hutofautiana sana mtu na mtu.

Kwa hiyo: osha majani yakiwa mazima, usioshe baada ya kukata. Kata nyembamba kabisa. Acha kwenye ubao robo saa hadi nusu saa. Halafu pika kwa maji kidogo au mafuta kidogo, mfuniko ukiwa juu, dakika 3 hadi 5, na mchuzi wake uliwe. Ile sukuma inayoachwa jikoni saa nzima mpaka iwe kijani cha kaki, samahani, hiyo ni ya kushibia tu.

Kama hakuna muda wa kusubiri, kuna njia ya mkato: unga wa mbegu za haradali, ambazo kwenye maduka ya viungo wengine huziita rai. Mbegu hizo zina mairosinezi yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walichapisha mwaka 2018 jaribio dogo la watu 12: gramu 200 za brokoli iliyopikwa, kwa gramu 1 ya unga wa haradali au bila. Mazao ya salforafeni kwenye mkojo yaliongezeka zaidi ya mara nne palipokuwa na haradali. Brokoli ya kugandishwa inahitaji hila hii zaidi, kwa sababu kiwandani hupitishwa kwenye maji moto kabla ya kugandishwa.

Kitunguu saumu kinafuata kanuni hiyohiyo. Ponda, acha dakika 10, ndipo kiende motoni. Punje nzima ikitumbukizwa kwenye mafuta moto, alisini, kiambata chake tunachokitafuta, haipati nafasi ya kutengenezwa.

Nyanya ni kinyume: pika, tena na mafuta. Likopini, ile rangi nyekundu, ya rojo ya nyanya iliyopikwa hufyonzwa vizuri zaidi kuliko ya nyanya mbichi. Kachumbari endeleeni nayo kwa utamu wake.

Famasia ya Kona

Nachukua manjano, vidonge na mstafeli.

Unga wa manjano una kukumini, kiambata chake kikuu, kama asilimia 3. Kijiko cha chai kilichojaa wastani ni gramu 3 hivi, kwa hiyo unapata takriban miligramu 90. Kidonge kimoja cha kukumini iliyokamuliwa huwa na miligramu 500 hivi. Hivyo vidonge si "manjano yaliyorahisishwa", ni dozi ya aina nyingine kabisa, na lazima vijadiliwe kama dawa.

Ushahidi ukoje? Marekani, mwaka 2011, wavuta sigara waliopewa gramu 4 za kukumini kwa siku kwa mwezi mmoja walipungukiwa na vidonda vya awali kabisa vya utumbo mpana kwa asilimia 40. Waliopewa gramu 2 hawakuonyesha tofauti. Mwaka 2018 jaribio jingine, kwa watu 44 wenye ugonjwa wa kurithi wa kuota vinyama vingi kwenye utumbo, walipewa gramu 3 kwa siku kwa miezi 12. Idadi na ukubwa wa vinyama havikutofautiana na waliopewa kidonge kitupu. Ukitaka kufikia gramu 4 kwa unga wa jikoni, piga hesabu mwenyewe: vijiko zaidi ya 40 kwa siku. Haiwezekani.

Pilipili manga ni kweli inaongeza ufyonzwaji. Utafiti wa India wa mwaka 1998 ulitumia miligramu 20 za paiperini, kiambata kikali cha pilipili manga, sawa na kama robo kijiko cha chai cha pilipili manga iliyosagwa, na kukumini kwenye damu ikapanda mara 20. Lakini paiperini inafanya hivyo kwa kuziba njia ambazo ini na utumbo hutumia kuondoa vitu, na njia hizohizo zinaondoa dawa nyingi za hospitali. Kwenye mchuzi wa familia sina neno. Kwenye kidonge chenye kukumini na paiperini, mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda au tamoksifeni (dawa ya saratani ya matiti) amuulize kwanza daktari wake. Uholanzi, wagonjwa 16 wa tamoksifeni walipopewa mchanganyiko huo, kiwango cha endoksifeni, ambayo ndiyo inayofanya kazi mwilini, kilishuka. Yaani mtu anameza kinga na huku anapunguza makali ya tiba yake. Zipo pia ripoti za ini kuumia kwa vidonge vya manjano, na mwenye mawe kwenye nyongo asivitumie.

Ushauri wangu kwa kikundi: nusu hadi kijiko kimoja cha chai kwa sufuria ya familia, basi. Na mnunue manjano mazima yaliyokaushwa, msage wenyewe. Bangladesh mwaka 2019 ilibainika kwamba baadhi ya wafanyabiashara walipaka manjano kromati ya risasi ili yang'ae. Unga wa njano unaowaka kama taa, uogopeni.

Mstafeli. Majani na tunda vina anonasini. Kwenye sahani ya maabara inaua seli za saratani, na matangazo ya mtandaoni yanaishia hapo. Hayasemi kwamba inaua kwa kuzima mtambo wa nishati wa seli, na seli za ubongo nazo zina mtambo huo. Kisiwani Guadeloupe, tangu mwaka 1999, watafiti wameuhusisha ulaji wa kila siku wa tunda na chai yake na ugonjwa unaofanana na Parkinson (ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na kukakamaa) usiosikia dawa za kawaida. Hakuna jaribio kwa binadamu lililoonyesha kwamba chai ya mstafeli inakinga saratani. Stafeli la mara moja moja msimu ukiwa mzuri, kuleni. Chai ya kila asubuhi kwa miaka, hapana.

Kuhusu vitamini badala ya mboga, swali hili lilishajibiwa kwa gharama kubwa. Finland, wanaume 29,133 wavuta sigara. Waliopewa miligramu 20 za beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza vitamini A, kila siku walipata saratani ya mapafu asilimia 18 zaidi, matokeo ya mwaka 1994. Marekani, jaribio la watu 18,314 lilisimamishwa mapema Januari 1996 kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 28. Vitamini E, yuniti 400 kwa siku: saratani ya tezi dume asilimia 17 zaidi, taarifa ya mwaka 2011. Karoti haijawahi kumfanyia mtu hivyo.

Ghala Kavu

Uzi mzuri, ila wote mnaongelea cha kuongeza kwenye sahani. Kwa mlaji wa ugali na karanga, cha kuondoa ni kikubwa zaidi: sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu wa mahindi na karanga. Ni kisababishi kilichothibitishwa cha saratani ya ini, na kwa mwenye virusi vya homa ya ini B hatari inakuwa kubwa mara kadhaa zaidi. Moto wa ugali hauiui. Kukaanga karanga kunapunguza sehemu tu.

Kuna kiambata cha mboga kilichopimwa dhidi yake. Qidong, China, watu 180 walipewa klorofilini, inayotengenezwa kutokana na rangi ya kijani ya majani, miligramu 100 mara tatu kwa siku kwa miezi minne. Alama ya uharibifu wa vinasaba kwenye mkojo ilishuka kwa asilimia 55. Inainasa sumu tumboni kabla haijafyonzwa. Matokeo mazuri, lakini kilichopimwa ni alama, si idadi ya saratani, na mboga za majani si klorofilini. Mahindi makavu yana faida kuliko vyote hivyo.

Mahindi yakaushwe juu ya turubai, si udongoni, hadi unyevu wa asilimia 13 hivi. Bila kipimo, tumia chumvi: chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, jaza mahindi theluthi, weka vijiko vya chakula 2 au 3 vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Kosa la kawaida ni kutumia chumvi iliyokaa wazi jikoni. Hiyo tayari imevuta unyevu na itanata hata mahindi yakiwa sawa. Ianike kwanza.

Kabla ya kusaga chambua: toa punje zilizovunjika, zenye ukungu, zilizobadilika rangi, kisha osha na umwage zinazoelea. Karanga nunueni nzima. Zilizosinyaa au kubadilika rangi toa zote. Punje moja mbovu inaweza kubeba sumu ya kuchafua kilo nzima. Iliyokwisha kusagwa haichambuliki tena, ndiyo maana karanga mbovu hupenda kuishia kwenye unga. Na hizo mbovu mlizotoa zisiende kwa kuku wala ng'ombe, maana sumu inarudi kwenye maziwa.

Chanjo ya homa ya ini B kwa mtu mzima ni dozi tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Apimwe kwanza.

Kijiko cha Mbao

Shukrani sana. Ila hapa mmenichanganya: tunawaambia wale dona kwa ajili ya nyuzinyuzi. Sasa si pumba ndiyo yenye sumukuvu?

Ghala Kavu

Ndiyo, sumu hujikusanya zaidi kwenye pumba na kiini, na kukoboa kunaiondoa sehemu kubwa. Mahindi unayoyajua, yaliyokaushwa na kuchambuliwa: dona. Mahindi usiyoyajua yalikolala: koboa, kula sembe.

Sufuria na Mfuniko

Na nyuzinyuzi zitafutwe kwenye maharage. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinatoa zaidi ya gramu 10, wakati lengo la siku ni gramu 25 hadi 30. Saratani ya utumbo mpana ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi kwa upande wa nyuzinyuzi. Mwaka 2015 watafiti walibadilishana milo: Wamarekani weusi 20 walikula chakula cha vijijini Afrika Kusini chenye gramu 55 za nyuzinyuzi kwa siku, na Waafrika Kusini 20 wakala cha Kimarekani. Wiki mbili tu zilitosha kubadilisha uvimbe na kasi ya kuzaliana kwa seli za utumbo, kila kundi likielekea upande wa mwenzake.

Kuna pia wanga sugu, wa ndizi mbichi au viazi vilivyopikwa vikapoa. Watu karibu 1,000 wenye ugonjwa wa kurithi wa Lynch, unaoongeza sana hatari ya saratani ya utumbo mpana, walifuatiliwa miaka mingi. Waliotumia gramu 30 kwa siku, kwa wastani wa miaka miwili, walipata saratani za tumbo, kongosho na nyinginezo za juu kwa zaidi ya nusu pungufu. Utumbo mpana wenyewe, uliokuwa shabaha, haukunufaika. Hayo yalitoka 2022.

Usisahau chai. Vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 vimewekwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2016 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani, kwa sababu ya saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Vipimo vya Kilimanjaro vilikuta watu wakianza kunywa chai kwenye nyuzi 70 na ushee. Kikombe wazi dakika 5 hadi 10. Uji mzito ukorogwe na usubiriwe zaidi, juu unapoa ndani bado unaunguza.

Kijiko cha Mbao

La mwisho: haradali naikaanga na kitunguu kama kwenye dengu?

Sufuria na Mfuniko

Hapana, ukikaanga umekiua kimeng'enya. Saga mbegu mbichi, nyunyiza baada ya kuepua mboga ikiwa imepoa kidogo. Robo hadi nusu kijiko cha chai kwa sahani. Ukizidisha inakuwa chungu na watoto watasusa mboga yote.