Mjadala: Mkandarasi wa kampuni ya mafuta akimkosea mwananchi, nani abebe dhima?

Wadau, nautaja msimamo wangu mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Kampuni kubwa ya nishati ibebe dhima ya kisheria kwa kila anayeingia kijijini kuifanyia kazi yake, awe mwajiriwa wake, kampuni tanzu (kampuni ndogo iliyo chini yake) au mkandarasi aliyepewa kazi ya miezi sita.

Tuchukue bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania, kuanzia Kagera. TotalEnergies ya Ufaransa ina hisa asilimia 62, mashirika ya mafuta ya serikali, UNOC ya Uganda na TPDC yetu, asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia 8.

Sasa jiulizeni, mwenye shamba aliyepitiwa na mkuza wa bomba alikutana na nani? Hakukutana na mkurugenzi kutoka Paris. Alikutana na watu wa kampuni ya ushauri waliopewa kazi ya utwaaji wa ardhi, wamefuatana na mthamini na viongozi wa kijiji. Hao ndio waliohesabu migomba na miembe yake, wakampa fomu asaini, wakamweleza tarehe ya ukomo, ambayo baada yake mali mpya haihesabiwi kwenye fidia, na maana yake kwa mazao ya kudumu. Wakimweleza vibaya, au wakimharakisha kusaini asichokielewa, hasara inabaki kwake. Na pande zote mbili za mpaka kulikuwa na watu waliosubiri fidia kwa miaka baada ya kuhesabiwa mali. Akienda kulalamika anaambiwa yule alikuwa mkandarasi, na mkataba wake umekwisha.

Kwa sheria tuliyoirithi kwa Waingereza, mwajiri anawajibika kwa kosa la mwajiriwa wake akiwa kazini. Dereva wa kampuni akikugonga akiwa kwenye safari ya kazi, unaishtaki kampuni. Lakini mkandarasi huru kwa kawaida anajibebea mzigo wake mwenyewe. Hapo ndipo panaponiuma, maana miradi hii karibu yote inaendeshwa kwa wakandarasi, na wakandarasi wana wakandarasi wadogo chini yao.

Wafaransa waliliona hilo. Baada ya jengo la Rana Plaza kuporomoka Bangladesh mwaka 2013 na kuua zaidi ya watu 1,100, mwaka 2017 walitunga sheria inayozitaka kampuni zao kubwa ziandae na kutekeleza mpango wa kuzuia madhara yanayotokana na kazi zao, za kampuni tanzu, na za wakandarasi na wasambazaji wanaoshirikiana nao kwa kudumu. Oktoba 2019 mashirika ya Ufaransa na Uganda yakaifungulia TotalEnergies kesi kwa sheria hiyo, kuhusu bomba hili na visima vya mafuta vya Tilenga, Uganda. Zaidi ya miaka miwili ikaliwa na ubishi wa mahakama ipi isikilize. Tarehe 28 Februari 2023 mahakama ya Paris ikaitupa kwa sababu za kiutaratibu: madai yaliyofikishwa mbele yake yalitofautiana mno na yale ya notisi ya mwanzo waliyoipa kampuni kabla ya kufungua kesi. Kama mwananchi alitendewa haki au la, hilo halikuamuliwa. Juni mwaka huohuo Waganda 26 na mashirika wakafungua kesi mpya ya kudai fidia. Kampuni inakanusha tuhuma hizo.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mtoa mada, nakuheshimu, lakini umeipitia haraka ile asilimia 15 ya TPDC na ile ya UNOC. Serikali zetu ni wabia. Kwa upande wetu, uthamini wa fidia unaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, hauidhinishwi Paris. Sheria yetu ya uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6, ikichelewa iambatane na riba. Sheria ipo, tuisimamie hapa. Kila jambo tukikimbilia Ulaya, mahakama zetu zitakua lini?

La pili ni wakandarasi wazawa. Tumepigania miaka mingi kampuni za nyumbani zipate kazi kwenye miradi hii. Ukimwambia mwekezaji kwamba kosa lolote la mkandarasi wa Singida litamfikisha kizimbani, ataleta wa kwake kutoka nje. Hilo nalo ni umaskini wetu.

Mchangiaji wa pili:

Nafanya kazi za sheria, niongeze kidogo. Swali mahakamani mara nyingi si nani anamiliki hisa, ni nani alikuwa anaendesha mambo. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliruhusu kesi ya jamii za Ogale na Bille za Nigeria dhidi ya Shell, kuhusu uchafuzi wa mafuta, iendelee, ikisisitiza kuangalia jinsi kampuni mama inavyoingia kwenye uendeshaji wa kampuni tanzu. Kwa hiyo kanuni ya "kila anayeingia kijijini" ni pana mno. Hata Marekani walikwama: meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilipopanda mwambani mwaka 1989, suala la kama kampuni ilipe fidia ya adhabu (inayotozwa kuadhibu, juu ya kufidia hasara) kwa uzembe wa nahodha lilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2008 majaji wakagawanyika wanne kwa wanne.

Mtoa mada:

Nashukuru wote. Kwa mwanasheria: kigezo cha nani anaendesha kinamtaka mkulima athibitishe kilichomo kwenye nyaraka za ndani za kampuni. Wakulima wanne wa Delta ya Niger walifungua kesi Uholanzi mwaka 2008 dhidi ya Shell kuhusu mafuta yaliyomwagika. Ushindi wa rufaa ulikuja Januari 2021, na Shell ikakubali kulipa euro milioni 15 Desemba 2022, bila kukiri kosa. Baadhi ya waliofungua kesi walikuwa wamekwisha fariki. Kigezo kinachohitaji miaka kumi na minne hakimfai mtu mwenye ekari mbili.

Kwa ndugu yangu wa kwanza: naafiki kuhusu TPDC, na wabia wote wawajibike kwa pamoja. Kuhusu mahakama za nyumbani, angalia Hoima. Desemba 2023 Serikali ya Uganda iliomba iruhusiwe kuweka mahakamani fidia ya familia 42 zilizopitiwa na mradi wa Tilenga na kuwaondoa waliokuwa wakipinga kiwango. Uamuzi ulitoka ndani ya siku chache, serikali ikapewa. Serikali ikiwa mbia, mwananchi anahitaji mlango zaidi ya mmoja. Na mkandarasi wa Singida hatakosa kazi: kampuni itamfundisha, itamkagua na kumkatia bima, kisha akikosea itamdai yenyewe. Ina mawakili wa kufanya hivyo, mwananchi hana.

Tuutazame mradi wa kuchakata gesi wa Likong'o, Lindi, na mkataba utakaoingiwa na wawekezaji. Wanasheria mliomo humu, andikeni kifungu hapa tukijadili: mwekezaji na wabia wake wawajibike kwa pamoja kwa makosa ya wakandarasi katika utwaaji wa ardhi, na mwananchi afungue shauri Lindi dhidi ya yeyote kati yao.